Kuna Mtu Majini

Laurentine alikuwa tayari ameweka kidole juu ya kitufe cha kufuta. Picha ilikuwa mbovu, na kazi yake hasa ilikuwa hiyo: afute mbovu, abakize nzuri. Maji ya kijani mazito kama mchuzi wa sombe, yale majani ya muhogo, tope linaelea, na mkia wa ngege mmoja aliyekuwa anaondoka zake. Sasa mkia wa nini? Bwana Emma, mwajiri wake, alitaka samaki mwenye kichwa na macho. Lakini kwenye pembe ya chini, pale tope lilipotulia kidogo, kulikuwa na vitu vitatu vimepangana mstari mmoja. Chekundu, chekundu, cha manjano.

Kidole kikabaki hewani.

Aliikuza picha mpaka ikawa madoa matupu, akairudisha, akaikuza tena. Wapi, macho hayakumdanganya. Vilikuwa vipande vya ndala, vimekatwa kwa kisu cha jikoni, vimetobolewa kwa msumari wa moto, vimepitishwa kwenye kamba ya juu ya wavu viwe maboya. Pale Katwe, kijiji chao cha wavuvi, kila mke wa mvuvi humkatia mumewe maboya, na kila mmoja ana mpangilio wake, maana nyavu zinaibwa kila kukicha na wa kwako utaujuaje? Mama Yeseri, jirani yake, hufunga meusi matupu. Laurentine, aliyeushona na wavu wenyewe, alifunga mekundu mawili, la manjano moja, kutoka mwanzo wa kamba mpaka mwisho. Mekundu yalitoka kwenye ndala zake mwenyewe. Ya manjano yalitoka kwenye ndala za binti yake Chérie, miguu ilipozizidi. Siku alipomaliza, mume wake Mbusa aliutandaza ule wavu uani akacheka mpaka akakaa chini. "Mama Chérie, hii wavu ni ya kuvua ao ya harusi? Samaki batakuja na vigelegele!"

Mbusa aliondoka na wavu huo jioni moja ya mvua zilizopita. Hakuonekana tena, yeye wala mtumbwi wake.

Chumba alimokuwa amekaa Laurentine kilikuwa Kabatoro, nyuma ya ghala la chumvi, na bwana Emma ndiye aliyekipanga kwa ajili ya mradi. Emma alikuwa mtu wa Kampala, kijana bado, mwenye miwani, na kazi yake ukimsimulia mtu anacheka: kupiga picha chini ya maji. Kila asubuhi alitoka na Badiru, mwenye boti, wakashusha kamera ndani ya fremu ya chuma kandokando ya ziwa Edward, kwenye mawe, kwenye matete, kwenye mchanga ambako ngege huchimba viota, ili kila kiumbe kinachoishi pwani ya ziwa kiwe na kumbukumbu yake kabla hakijaisha. Hata konokono. Mchana Laurentine aliosha kamera kwa maji safi, akaweka betri kwenye chaji ya sola, akakaa mbele ya kompyuta kuchambua. Alipoichukua kazi hiyo aliwaambia wenzake amechoka kunuka moshi wa kubanika samaki. Uongo mtupu. Aliitaka kwa sababu ilikuwa dirisha pekee la kuchungulia kule chini.

Tena alikuwa hajalia, na hilo lieleweke. Kwenye ziwa lile aliyezama haliliwi mpaka apatikane. Maji yakisikia kilio, wanasema, yanajua yameshika kitu cha thamani, basi hayakiachii. Asubuhi ile ya kwanza mama mkwe wake, Ithungu, alimziba mdomo kwa kiganja chake. "Nyamaza, mwanangu. Meza." Laurentine akameza. Alimeza wavuvi waliporudi mikono mitupu kutoka vilindini upande wa Kongo, ambako Mbusa alisema anakwenda kutega. Alimeza alipovuka mpaka pale Mpondwe akaenda hadi Vitshumbi, kwa kuwa wako waliosema amekamatwa na wanajeshi wa upande ule. Akauliza kwa Kiswahili, kwa Kinande cha kwao Butembo, hata kwa Kifaransa chake cha kanisani, na hakuna aliyemwona. Kilio kikakaa kifuani kama tonge lililokwama. Alipika nacho, akasali nacho, akalala nacho.

Emma aliingia akifuta miwani kwa pindo la shati. "Mama Chérie, leo iko ngapi nzuri?"

"Bwana Emma, hii foto mulipiga wapi?"

Aliinama akatazama. "Hiyo ya jana. Kule chini ya jabali, kwa matete. Kwa mazalia."

Mazalia! Laurentine alifumba macho. Mazalia ndipo samaki wanapozalia, pamefungwa, hapavuliwi, na askari wa ziwa wakikukuta hapo utajuta kuzaliwa. Kumbe Mbusa aliwadanganya wenzake. Alisema vilindini, akaenda kuiba hapa karibu, karibu mno, pua na mdomo na nyumbani. Na mvuvi haulizwi mara mbili anatega wapi, ni kukosa adabu. Basi watu walimtafuta pale aliposema, siku nenda siku rudi, naye yuko nyuma ya migongo yao.

"Hii wavu ni ya Mbusa," alisema.

Emma alikaa juu ya sanduku la betri. "Wavu si mtu, mama. Labda aliukata akakimbia. Wanafanya hivyo wakiona askari, si ndiyo?"

"Mimi niliishona. Mvuvi hawezi kuacha wavu yake muzima vile. Acha niende mwaloni, niseme."

"Bambi, mama, ngoja. Ngoja kwanza."

Emma alijua kitakachofuata, kama kila mtu pale. Ukisimama mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, ukasema kuna mtu majini, kazi imekwisha. Kila mtumbwi unavutwa nchi kavu, hakuna kasia linaloshika maji isipokuwa la kumtafuta, na akishapatikana ziwa linapumzishwa mpaka matanga yaishe. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo na hakuna anayeivunja, hata afande wa boti ya doria.

"Mimi nimebakiza wiki moja tu," Emma alisema. "Mvua iko karibu. Ikinyesha, maji inachafuka, kamera haioni kitu, mradi unafungwa. Hawa samaki wa mazalia hakuna mtu amewahi kuwapiga picha, mama. Hakuna! Wiki moja, kisha mimi mwenyewe nitasema mbele ya watu. Yeye... pole, lakini yeye haendi popote."

Hakuwa mtu mbaya, jamani. Alikuwa mtu mwenye kazi. Alipoyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka, alivua miwani akatazama sakafu.

"Jumamosi banamuzika," Laurentine alisema.

"Wanazika nini?"

"Mugomba."

Ikabidi amweleze. Kwao akina Mbusa, Nyakiyumbu, mtu aliyepotea bila mwili huzikwa kwa shina la mgomba. Linakatwa kwa urefu wake, linavikwa shuka, linalazwa kaburini, watu wanalia, na jina linafungwa. Likifungwa limefungwa. Nyumba moja haichimbi makaburi mawili kwa mtu mmoja, maana la pili hujitafutia mtu lenyewe. Mbusa akipatikana baada ya Jumamosi atafukiwa pembeni mwa ziwa kama mpita njia asiye na kwao, mbali na baba yake na babu yake. Na yeye Laurentine machozi yote aliyoyatunza atakuwa ameyamaliza kwa ndizi.

"Ongea na mama yake," Emma alisema polepole. "Asogeze mbele. Kidogo tu."

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi.

*

Alasiri ileile, kule Nyakiyumbu, Ithungu alikuwa amekaa mlangoni na ungo wa kahawa mapajani, anachambua, anatupa mbovu kwa kuku ambao hawakuzitaka. Laurentine alipiga magoti akamsalimia.

"Wasibire, mama."

"Eee, wasibire. Umekuja kusaidia kupika? Batu batakuwa wengi."

Laurentine akatoa simu. Alikuwa ameipiga picha ile picha, kutoka kwenye kompyuta. Ithungu aliipeleka mbali na macho, akaileta karibu, akaigeuza upande.

"Naona mayi."

"Angalia hapa chini, mama. Maboya. Ni ile yangu."

Bibi aliangalia. Aliangalia kwa muda mrefu hadi taa ya simu ikazimika, Laurentine akaiwasha, akaangalia tena. Akairudisha simu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani aliyoletewa.

"Mwanangu, foto haizikwi."

"Munipe wiki moja tu, mama. Beko na aparey ya foto inashuka mpaka chini. Inaona."

"Na mimi sioni?" Ithungu aliweka ungo chini. "Kila alfajiri iko hapa. Hapa, kwa mulango. Anasimama. Namuambia ingia, mutoto wangu, moto iko, haingii. Ananiangalia tu, kama mutu anangoja ruhusa. Mimi nilimuzaa, nitamuacha asimame inje mpaka lini?" Sauti ilipasuka, akaibana palepale, kwa mazoea. "Na mimi pia nimechoka kumeza, Laurentine. Unafikiri ni wewe peke yako?"

Kweli, alikuwa anafikiri hivyo. Siku zote hizo hakuwahi kumtazama mama huyu akajiuliza analalaje. Aibu ikamshika, akainamisha kichwa.

Nyuma ya nyumba sauti ya jembe ilikuwa imekoma. Thembo, kaka yake Mbusa anayemtangulia, akatokea na udongo mwekundu hadi magotini, akanawa mikono, akamsalimia shemeji yake vizuri, akauliza habari za Chérie. Kisha akasema bila ukali wowote, "Shimo imekwisha. Na shimo ikifunguliwa haifungwi tupu, hiyo unajua. Jumamosi jua ikifika katikati, kitu lazima iingie."

Laurentine alikwenda kuliona. Afadhali asingekwenda. Kando ya shimo, shina la mgomba lilikuwa limeegemezwa ukutani, limeshakatwa kwa kipimo cha kamba, bado linatoa utomvu. Urefu ulikuwa wa Mbusa kabisa, walimpima vizuri. Akajikuta anatazama pale ambapo uso ungekuwa, akageuka akaondoka karibu mbio.

Ithungu alimsindikiza hadi barabarani, amemshika mkono na hauachii. Bodaboda ikaja, ikasimama, mwendeshaji akangoja.

"Nenda umulete," alisema mwishowe. "Hata mufupa moja. Ukimuleta, ule mugomba nitaukatia mbuzi kwa mikono yangu. Lakini usinirudishie foto, mwanangu. Foto inaniumiza."

*

Ijumaa alfajiri Emma na Badiru walikuwa wanapakia boti, Laurentine akaja amefunga kitenge kiunoni kama mtu wa kwenda shamba.

"Leo tunakwenda wote."

Badiru aliliachia kopo la mafuta likaanguka. Alikuwa mtu wa Kasese mjini, dereva wa injini, Mwislamu wa swala tano, maneno mengi na woga mwingi. "Banange! Mama, wanawake hawapandi boti kwa mwalo hii. Wewe unajua. Ziwa iko na wivu."

"Wivu gani tena? Bwana wangu lilishakamata. Leo linione na mimi uso."

Badiru akamtazama Emma. Emma akatazama maji, na maji yalikuwa safi asubuhi ile, safi ya kutamanisha.

"Apande," akasema. "Lakini mama, tukikuta ni wavu tu, utaniachia wiki yangu. Tumepatana?"

"Na nikimuona?"

Emma akajishughulisha na kamba.

"Twende basi, twende," Badiru alisema akivuta injini. "Leo Ijumaa, mimi nataka nirudi nisali. Bismillahi."

Walizunguka ncha ya nchi kavu, viboko wakitoa pua na kukoroma pembeni. Chini ya jabali Badiru alizima injini, boti ikateleza yenyewe hadi ukingo wa matete. Pakawa kimya. Emma alifunga mfuko wa matumbo ya samaki kwenye fremu ili wanyama wavutiwe na harufu, akakagua mawe ya uzito, akachomeka waya kwenye kioo kidogo ambacho ungeonea kamera inachokiona. Akaishusha taratibu, mkono baada ya mkono. Kisha yeye na Laurentine wakaingiza vichwa chini ya kitambaa cheusi cha kuzuia jua, wakabanana humo kama watoto wanaojificha.

Kijani. Kijani tupu. Halafu mchanga, na mashimo ya mviringo ya ngege, kila moja limefagiliwa safi kuliko nyua nyingi za Katwe. Nkejje, samaki wadogo wadogo, ndio waliofika kwanza, kundi zima, wanameta. Ngege mama akasogea, akaishtukia kamera, akafungua mdomo, na watoto wake wote wakakimbilia humo. Akaufunga, akabaki anawatazama mashavu yamejaa. Emma akabonyeza, akabonyeza tena. "Umeona? Mama, umeona?" alinong'ona, amesahau kabisa kilichowaleta. Laurentine aliona. Ilikuwa nzuri, nzuri sana, na ilimchoma. Kumbe kule chini watu wanaishi raha mustarehe! Amelala macho msimu mzima akifikiri chini ni giza na tope, kumbe kuna nyumba zimefagiliwa.

"Peleka kushoto," alisema. "Kushoto tena."

Jekundu, jekundu, la manjano.

Wavu ulikuwa umesimama upande, nusu umelala, umevaa utelezi wa kijani. Nao ulikuwa bado unavua. Hilo hakuna aliyekuwa amemwambia. Semutundu mmoja, samaki mwenye sharubu, alikuwa amenasa, mashavu yanapanda na kushuka. Kando yake mwingine ameoza nusu, na wa tatu amebaki miba. Tangu mvua zile haukupumzika. Uliendelea na kazi usiku na mchana, unashika, unashika, na hakuna wa kutoa. Mikono ya Laurentine ndiyo iliyoushona ule, fundo kwa fundo, na alijisifu kwamba hautakatika.

"Chini zaidi," alisema.

"Mama, imetosha."

"Shusha."

Emma akashusha. Chini ya wavu, mahali ulipojikunja kwa uzito, palikuwa na tope, konokono, ubavu wa mtumbwi umezama nusu, na rangi ya bluu. Sweta. Lilelile la mitumba alilomchagulia soko la Bwera, kiwiko kina kiraka alichokitia yeye. Mkondo wa maji ukapita, mkono wa sweta ukainuka kidogo, ukashuka. Ukainuka tena.

Kidole cha Emma kilibonyeza, kwa mazoea tu. Akakivuta upesi kama kimeungua.

"Innalillahi," Badiru alisema nyuma yao. Hakuwa ametazama kioo. Alikuwa ametazama migongo yao.

Emma alitoka chini ya kitambaa, nywele zimemsimama. Akaangalia matete, akaangalia mbingu upande wa Mweya ambako wingu lilikuwa limeanza kujikusanya, akaangalia yale maji yake safi ya mwisho. Laurentine naye akatoka. Hakumwomba, wala hakumkumbusha mapatano. Alimngoja tu.

"Sema, mama," Emma alisema. Sauti ilikuwa kavu. "Waite."

Kwenye boti ndogo mtu hasimami. Laurentine alisimama. Mitumbwi ya usiku ilikuwa inarudi mbali kule, myembamba, imetawanyika, kila mmoja na samaki wake na haraka yake. Akaweka viganja mdomoni.

"Mutu iko mu mayi! Batu, mutu iko mu mayi!"

Mtumbwi wa karibu ukaacha kupiga kasia. Mvuvi mmoja akainuka, akaupokea ukelele, akaurusha kwa mwenzake wa nyuma, naye akaurusha, na hivyo ukasafiri juu ya ziwa hadi mwaloni, na kila ulipopita makasia yakainuliwa. Kisha mitumbwi yote, bila kushauriana, ikageuza vichwa vyake kuelekea kwenye jabali.

*

Waliuvuta wavu pole, pole sana, ili usiangushe kitu. Afande wa doria alikuja na boti yake, na ingawa pale palikuwa mazalia na wavu ulikuwa haramu, hakuuliza kosa la mtu. Alivua kofia akashika kamba. Emma alikuwa ndani ya maji hadi kifuani, miwani imepotea, anavuta pamoja na wengine. Kamera aliitupa sakafuni mwa boti kama sufuria. Badiru swala ya Ijumaa ilimpita, akaswali peke yake juu ya mchanga.

Walimlaza kwenye shuka jeupe la Mama Yeseri. Hakikuwa kitu kingi. Mtu akifika huko, jamani, anakuwa mwepesi, na aliyemfahamu akiwa mzima anatafuta alikokwenda hamwoni. Lakini kilikuwepo, na sweta lilikuwepo, na kwa sheria zote za wazee hicho kilikuwa Mbusa.

Jua lilipokuwa limeshapinduka Ithungu alifika na Thembo na wanaume wa ukoo, na machela ya mianzi. Alishuka kwenye bodaboda kabla haijasimama. Aliona shuka. Akaanguka, na kilio kikamtoka. Hakikuwa cha siku ile. Kilikuwa cha siku zote alizomeza, kimechacha humo ndani, na kilipotoka hata wavuvi wenye vifua vipana waligeuza nyuso. Wanawake wa mwaloni wakakipokea, ufuko mzima ukalia. Ithungu akatambaa hadi kwa mkwewe akamshika mashavu.

"Lia sasa, mwanangu! Mayi imemuachia. Lia, lia, sasa ni ruhusa!"

Laurentine akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, macho yakabaki makavu kama mawe ya chumvi. Mama Yeseri akamtikisa bega. "Lia, dada, utapasuka." Alikuwa anataka, Mungu anajua. Alikisikia kilio kipo, kizito, mahali pake pa siku zote, na mlango haukumbuki tena unafunguliwaje. Wanawake wakaanza kutazamana.

"Sabuni," alisema.

"Nini?"

"Munipe sabuni."

Akalitoa sweta kutoka kwenye shuka kwa mikono miwili, akaliegemeza kifuani na tope lake lote, akaingia majini hadi magotini. Alianza na konokono. Walikuwa wameingia ndani ya mikono na chini ya kola, akawatoa mmoja mmoja, hana haraka, akawaachia. Kisha akapaka sabuni. Akasugua kola, pale inapochafuka sikuzote. Akasugua kwapa. Akasugua kiwiko chenye kiraka. Povu likatoka jeusi, akasuuza, akapaka tena.

"Shemeji," Thembo alisema kutoka ufukweni, kwa upole, "jua inakwenda. Njia ni ndefu. Tumubebe."

"Haendi kwao hivi."

Thembo akamtazama mama yake, apate kuamriwa. Ithungu alikuwa ameacha kulia. Akajifuta pua kwa kanga, akajizoa pale mchangani, akaingia majini na viatu vyake. Alishika mikono ya sweta, Laurentine ameshika pindo la chini, wakalivuta baina yao, wakalikamua: mmoja akizungusha huku, mwingine akizungusha kule, mpaka likajikaza likawa kamba nene ya bluu. Wakalikung'uta pamoja. Wakalitandika juu ya ncha ya mtumbwi mmoja kati ya ile iliyovutwa nchi kavu, Laurentine akanyoosha mikono yake vizuri, kushoto na kulia.

Kisha wakakaa chini, wangoje likauke.

Wenye machela wakatazamana, nao wakakaa. Emma akakaa. Afande akakaa, kofia mapajani. Ziwa lilikuwa wazi hadi Kongo, hakuna mtumbwi. Maji yakadondoka kutoka kwenye mikono ya sweta, ya kushoto na ya kulia, mwanzoni upesi upesi, halafu tone moja moja, yakichimba mashimo mawili madogo mchangani, na hakuna aliyemwambia Laurentine aharakishe.